Nyani Asiyechambuliwa Chawa

Nyani huonyeshana upendo kwa kuchambuana chawa. Sikitu alipotokwa na ukurutu mgongoni, wenzake wakaacha kumgusa.

“Kaa tawi la chini, mdogo wangu, usituambukize,” alisema dada yake, Zamda.

“Mganga Kobe amesema ukurutu hauambukizi.”

“Kobe mwenye gamba atajuaje mambo ya ngozi?” Kundi zima likacheka.

Sikitu akakaa peke yake kiangazi chote, akijipaka dawa ya Kobe na kungoja siku atakayoitwa. Hatimaye mgongo ukapona, manyoya yakaota. Zamda akashuka mwenyewe, akanyoosha mkono amchambue.

Sikitu akaruka nyuma. “Samahani, dada,” akasema, “nimezoea kusogea mbali.”

Zamda akabaki na mkono hewani. Kobe alikuwa ametibu ngozi tu.