Kopo la Bosi

Siku hizi nafaka ni ya watu tu. Mbwa hula chakula cha kopo, na sheria inataka kila kopo likifunguliwa litaje kilichomo.

"Nyama, viazi, njegere, mafuta ya samaki," lilisema kopo. "Nafaka hakuna. Protini inatosha."

"Nyama ya nini?" aliuliza Manka, kama kila jioni. Jana lilijibu kuku.

"Nyama," lilisema.

Mbwa wao, Bosi, alinusa bakuli, akarudi nyuma mpaka chini ya meza, akakataa kutoka.

"Labda kimechacha," alisema Elikana, mumewe.

Manka akafanya anachofanya kwa kila mchuzi: akadondosha tone kiganjani, akalamba. "Hakijachacha. Chumvi tu haijakolea."

"Ameonja binadamu," lilisema kopo. "Asante. Taarifa imepokelewa."

Asubuhi gari la mgao halikuwashushia unga. Dereva aliwapa makopo mawili, moja la Manka, moja la Elikana, majina yao yamechapwa juu.

"Kaka, hiki si chakula cha mbwa?" aliuliza Manka.

Dereva alichungulia ndani, akamwona Bosi bado amejibanza chini ya meza.

"Mbwa hajala, mama," alisema. "Aliyekula ni wewe."