Ndege ya Karani Mbwiga

Karani Mbwiga alisifika ofisini kwa ndege zake za karatasi, zilizopinduka mara mbili hewani na kumrudia mkononi. Leo alichomoa karatasi chini kabisa ya rundo la maombi, akaikunja bila kuisoma, akairusha. Wenzake wakacheka.

Upepo wa feni ukaibeba. Ndege ikapenya dirishani, ikapinduka vizuri kuliko siku zote, ikatua mapajani mwa Bi Zamzam kwenye benchi la nje. Huyu aliomba kaburi la mumewe lihamishwe kabla barabara mpya haijapita. Asubuhi hiyo hiyo, kwa wiki ya saba, Mbwiga alikuwa amemwambia, "Barua yako inashughulikiwa, mama."

Bi Zamzam aliikunjua, akaiona alama ya wino wa bluu ya dole gumba lake.

Mbwiga alitoka, uso ukimwaka. "Shikamoo, mama," alisema, ingawa walishasalimiana.

"Marahaba."

Bi Zamzam aliinyoosha karatasi pajani, mikunjo ikakataa kulala. Basi akaikunja tena polepole, kwa kufuata mistari ileile, akampa kwa mikono miwili.

"Irushe tena, baba. Huenda ikamfikia mkubwa wako."

Mbwiga akabaki ameishika, dole gumba la bluu likiwa juu ya ubawa, na benchi zima likiutazama mkono wake.