Mlolongo wa Nungunungu

Kiangazi kilipokausha mito, wanyama walibaki na bwawa moja, na humo Kiboko alikuwa amejitandaza peke yake. Wakaamua kumchagua mlinzi wa maji kwa kura ya mlolongo: kila mnyama asimame nyuma ya amtakaye.

Nungunungu, aliyegombea dhidi ya Kiboko, akapanda kichuguu. "Ndugu zangu wanyonge, bwawa hili ni la nani?"

"Letu!" wakaitikia.

"Na anayeoga humo peke yake ni nani?"

Kanga wakarukaruka, digidigi wakapiga kwato, vumbi likatimka. Kadiri walivyomshangilia, ndivyo miiba yake ilivyozidi kusimama.

Saa ya kujipanga ikafika. Wakamkimbilia wakiimba jina lake. Panya, aliyetangulia, akachomwa pua. Digidigi akachomwa kifua. Waliobaki wakasita, kisha mmoja mmoja wakaenda kujipanga nyuma ya Kiboko, wameziba pua kwa uvundo wake. Kiboko akashinda bila kufumbua mdomo.

"Wasaliti nyie," Nungunungu akafoka. "Miiba hii niliinoa kwa ajili ya Kiboko."

"Tunajua," Panya akajibu, akijifuta damu. "Lakini miiba yako yote inaelekea nyuma, na nyuma yako tulikuwa sisi."