Nyeusi Isiyoshika Joto

"Nyeusi hapana, mama," alisema Profesa, akalisogeza kopo mbali na mkono wa mteja. "Kwa jua hili, utakuwa umejitakia."

Profesa hakuwa wa chuo chochote. Alikuwa mchanganyaji wa rangi za magari dukani, na jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu ukimuuliza bei anakupa somo. Mteja alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye mkoba wa kitambaa. Kutoka ndani ya mkoba alitoa kifuniko cha tangi la mafuta kilichopauka mpaka kikawa rangi ya majivu.

"Zamani ilikuwa nyeusi tii," alisema. "Nataka irudi vilevile."

"Mama, nisikilize. Nyeupe inalirudisha joto. Ya fedha nayo inajitahidi. Nyeusi inameza lote. Ukifunga vioo saa sita mchana, mle ndani ni tanuri."

"Tanuri kabisa?" Mama alisogea karibu.

"Kabisa! Na paa ndilo baya zaidi."

"Basi paa tulipake mara mbili."

Profesa alimtazama akidhani hajasikia vizuri. Akapandisha sauti kidogo. "Kiyoyozi chake kinafanya kazi?"

"Sina haja nacho."

"Na huwa mnajaa wangapi humo?"

"Mwanangu, huwa najaza mpaka mlangoni," mama alisema kwa fahari. "Ila niambie, harufu ya rangi haitaingia ndani? Maana hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi."

Harufu! Mtu anakwenda kuivishwa mzimamzima, yeye anawaza harufu. Profesa alishawaona wajukuu wamebanana kiti cha nyuma, ndimi nje, na bibi yao mbele anawaambia wavumilie. Roho ikamuuma kwelikweli.

Chini ya meza alikuwa na kopo dogo ambalo halikuwa la kuuza. Ndani yake mlikuwa na unga mweusi uliobaki kwenye oda ya kampuni moja ya mabasi. Ukiuchanganya na rangi, gari linakuwa jeusi kwa macho, lakini joto la jua linarudishwa lilikotoka. Ulitosha gari moja tu. Na gari hilo lilikwishajulikana: kwa miezi minane Profesa alikuwa amemwahidi mke wake kwamba unga huo utapakwa kwenye gari lao la bluu iliyokolea, lile ambalo kila siku lilimfikisha mkewe hospitalini kazini sare ikiwa imegandia mgongoni.

Profesa alilifungua kopo lile, akaumimina unga wote kwenye rangi ya mama. Hakumwambia kitu wala hakumwongezea bei. Watu wazima wengine, aliwaza, ukitaka kuwasaidia usiwaulize.

Nyumbani alisema ukweli, kwa sababu kuongopa hakujui.

"Umempa nani?" mkewe aliuliza.

"Mama mmoja hivi."

"Mama mmoja hivi," mkewe alirudia, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho kwa wiki tatu. Chakula kiliwekwa mezani, maji ya kuoga yaliwekwa, ila maneno hayakuwekwa. Kila asubuhi alilowanisha taulo, akalitandika kwenye kiti cha gari huku akimkazia mumewe macho, kisha akalikalia. Profesa alikonda. Alikuwa anampenda mke wake, na nyumba isiyo na sauti yake ilimshinda.

Ndipo simu ikaita dukani.

"Mwanangu, ni mimi wa gari jeusi. Hebu njoo nyumbani uone rangi yako ilivyonifanya."

Profesa nusura aruke. "Naweza kuja na mke wangu?"

"Njoo hata na ukoo mzima."

Jumamosi mchana waliondoka. Mke alijipepea kwa gazeti njia nzima, kimya. Profesa aliendesha jasho likimtiririka hadi kwenye kidevu, akifanya mazoezi ya unyenyekevu: si kitu, mama, ni wajibu wangu, mama. Akishukuriwa mbele ya mkewe, mambo yatakwisha palepale.

Mama aliwapokea mlangoni. Walimwamkia, akaitikia, akawazungusha hadi uani nyuma ya nyumba. Gari lilikuwa katikati ya jua kali, jeusi tii, linameremeta hadi unaweza kujitazama ndani yake. Profesa aliweka kiganja kwenye paa, akakiacha hapohapo.

"Weka mkono," alimnong'oneza mkewe. "Wajukuu hubanana humu ndani."

Mkewe aliweka. Alishtuka, akaweka na wa pili. Kisha akamgeukia mumewe, akamtazama kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, na jicho lake lilikuwa limelainika.

"Ungeniambia," alisema taratibu. "Kama ni kwa ajili ya watoto wadogo, ningeelewa."

"Watoto gani?" aliuliza mama, akafungua mlango wa nyuma.

Hapo ndipo Profesa alipoona kwamba gari limekaa juu ya matofali. Ndani hamkuwa na viti wala usukani. Zilipangwa trei za waya, moja juu ya nyingine mpaka darini, na kila trei ilijaa nyanya zilizokatwa vipande, zimelowa, zimeota kuvu.

"Zamani humu zilikuwa zinakauka siku mbili, ya tatu ziko sokoni," alisema mama. "Tangu nipake rangi yako, mwanangu, nina friji."