Dawa Chini ya Mto

Tangu aliporudi kutoka hospitali, alikokatwa uvimbe wa njia ya haja kubwa, Mzee Mbaruku alitaka chumba chake kifukizwe udi asubuhi na jioni. Binti yake, Siwema, alimletea makaa bila kuuliza. Alidhani baba anautaka kwa ajili ya uradi.

Daktari alikuwa amewapa kichupa cha antibiotiki ya unga, inyunyizwe ndani ya kidonda kila kinaposafishwa, ili kisioze. Lakini kidonda kilikuwa nyuma, mahali ambapo mtoto hatazami kwa mzazi wake, na mama alikwishatangulia mbele ya haki.

"Lete hapa," mzee alisema, akakisukumiza kichupa chini ya mto. "Mikono ninayo."

Leo homa ilimlaza hoi. Siwema alipoingia, udi ulikuwa umezimika, na kwa mara ya kwanza akaisikia harufu uliyokuwa ukiificha. Akafunua shuka. Dawa yote ilikuwa pale, nyeupe, imegandamana kwenye godoro chini ya kiuno cha baba yake. Mikono ilijaribu, haikufika.

"Baba, geuka nikuoshe."

"Toka, mwanangu. Nisitiri."

Siwema akafunga mlango kwa komeo, akaivua kanga ya mabegani, akamfunika baba yake uso, akamgeuza ubavu.

Kanga ilipanda na kushuka juu ya kinywa cha mzee, ikapanda tena, polepole. Siwema akainama, akakitazama kidonda.