Mtu wa Kukaa

Kila asubuhi, mimi msaidizi wa michezo, nilifuta mipira ya netiboli kwa spiriti, sababu ya korona. Siku hiyo, nikiwa kwenye mpira wa sita, mkuu wa chuo chetu kidogo cha Biblia hapa Seven Hills, ughaibuni, pasta Mkongo, aliingia akihema.

“Jepchumba, mkurugenzi wa michezo ametuacha. Wa tatu huyo! Wanatuhama kama wapangaji. Andika tangazo: tunatafuta mtu wa kukaa.”

Niliukumbatia mpira, spiriti ikanilowesha kifuani. Tulipofungiwa ndani miezi minne, mimi ndiye niliyewapigia wachezaji kila jioni, nikiwahesabia pushapu kwenye simu. Hakuna aliyeacha timu.

“Mbona hauandike, mama?”

Nilishusha barakoa.

“Usitangaze, Pasta. Kazi hiyo naitaka mimi.”