Dhahabu Inayopumua

Haya, tegua hiki: ni mwekundu, gizani analala, ukimmulika anapumua, na pumzi yake inawaka moto. Usikimbilie kusema joka. Sikiliza kwanza.

Mama Usafi alikuwa amepiga magoti maabarani. Wekundu ulikuwa umetapakaa sakafuni, umemlowesha na aproni yake nyeupe. Alitaka tu kukifua kile kitambaa cheusi kinachofunika chupa. Alipokivuta, chupa ikaanguka ubavu, ikajimwaga yote.

Na mle ndani mlikuwa na dhahabu!

Daktari wa maabara alimweleza siku ya kwanza: chembe za dhahabu, ndogo hata jicho halizioni, zikielea majini maji huwa mekundu. Zikipigwa na mwanga, zinayapasua maji yatoe haidrojeni, gesi ambayo siku moja watu wataipikia.

"Fagia kote, Mama," alimwambia, "ila chini ya meza hii usiguse."

"Kwani kuna nini huko chini, mwanangu?"

Daktari akajifanya hakusikia.

Na wageni wakubwa walikuwa wanakuja kesho yake asubuhi kujionea. Mama Usafi alimfikiria mzee wake, mwaka wa pili huu hainuki kitandani, na kibarua hiki ndicho kinachowalisha. Akapiga deki mpaka sakafu ikang'aa. Kisha akatoa kwenye mfuko wake wa kufuma kile kikaratasi cha rangi anayotilia nyuzi, akaikoroga na maji. Ajabu! Wekundu uleule, ukiuweka karibu na doa la aproni huoni tofauti. Akaijaza chupa, akaifunika, akaenda zake nyumbani kutolala.

Wageni wakaja. Yeye akasimama mlangoni na ndoo yake, akirudia kimoyomoyo maneno aliyoyaandaa: nionee huruma, mwanangu, usinifukuze.

Daktari akafunua kitambaa. Akawasha taa, mguu wake ukipapasa chini ya meza kama wa fundi cherehani.

Wageni wakasogea karibu.

Kisha chupa ikaanza kutoa mapovu. Daktari akasogeza kiberiti kwenye mdomo wa mrija uliotoka chupani, mwali ukaruka. Makofi!

Ndoo ikamponyoka Mama Usafi. Rangi ya nyuzi, iwake moto? Hofu ya kufukuzwa kazi alikuwa anaijua sura yake. Hii haikuwa na sura.

Wageni walipotoka tu, akafunga mlango kwa mgongo.

"Mwanangu, jana nilimwaga dhahabu yako. Humo mna rangi ya nyuzi zangu, naapa. Sasa hicho kilichopumua ni nini? Mmefuga jini humu?"

Alingoja kufokewa. Hakufokewa. Daktari akakaa palepale sakafuni kama mtoto aliyekanywa.

"Siku ya kwanza uliniuliza swali, Mama."

"Swali gani?"

Daktari akainua kitambaa cha meza kilichoning'inia mpaka sakafuni.

"Mtungi wa gesi," akanong'ona. "Hata hiyo uliyoimwaga ilikuwa rangi. Nionee huruma, Mama. Usinisemee."